Zungusha, Usivute

Famau aliileta imefungwa kwa leso ya mkewe,
akailaza mezani kwangu, hapa Langoni, kama mtoto mwenye homa.
"Mna harusi tatu humo sijamaliza kuzihariri.
Ikifika dakika ya ishirini, picha yafanya madoa,
bibi harusi awa miraba ya kijani, watu watanidai."

Nikafungua. Feni imeshiba chumvi na manyoya ya paka.
Ubongo wa katikati una kofia yake ya shaba, hauna neno.
Ila chipu nane za kumbukumbu zilizouzunguka
zimekaa uchi, nyeusi, kila moja kama ukucha uliobanwa na mlango.
Niliiwasha, nikaigusa ya tatu.
Kidole nikakitia mdomoni.

Vipozeo ninavyo: alumini yenye meno kama chanuo,
nimeikata kwa msumeno kutoka amplifaya iliyokufa.
Chuma si tatizo.
Tatizo ni cha kukishikia chuma.

Ipo gundi ya mirija miwili, unakoroga kwa njiti ya kiberiti,
dakika tano imekuwa jiwe.
Fundi aliyenifunza Mombasa aliiamini:
ukibandika, bandika mpaka kiama.
Siku moja nikamwona akikibandua alichokibandika.
Kipozeo kilitoka na chipu,
chipu ikatoka na nyayo zake za shaba,
kadi ikabaki na vishimo vinavyotukodolea.
Hakusema kitu. Alizima taa ya meza, akaenda kuswali,
na ilikuwa bado saa nzima kabla ya adhana.

Pasti tupu inapitisha joto, lakini haina mkono.
Kadi husimama wima sandukuni; kipozeo kitateleza
unywele kwa unywele, hadi usiku wa manane
kidondokee kwenye miguu ya umeme.
Na ile gundi ya tone, ya kuungia ndara,
hiyo ni blanketi. Mgonjwa ana homa, wewe wamfunika?

Nikabaki na utepe, gundi pande mbili, mwembamba kama ganda la kitunguu,
shilingi mia sita na hamsini, ulivuka Mokowe ndani ya bahasha.
Sikuuamini kwa maneno.
Niliubandika kwenye kadi mbovu, nikaiweka juu darini
chini ya mabati, siku tatu, kipozeo kikitazama chini.
Haukuachia.
Kisha nikaupuliza kwa draya ya saluni ya Mwanajabu,
nikapitisha uzi wa meno ubavuni, nikazungusha.
Ukaachia.

Gundi nazijua. Kila asubuhi nafungua kidonda cha mama, mguuni.
Plasta ya kwanza niliivuta kwa haraka zangu
ikaja na ngozi.
Hakulia. Alisema, "Polepole, mwana. Gundi ni yao, ngozi ni yangu."
Tangu hapo nalowesha ukingo kwa mafuta ya nazi,
nasubiri chai ichemke,
naanzia kona.

Basi chipu nane nilizisugua kwa spiriti mpaka zikang'aa.
Nikakata utepe kwa wembe, nikabana kila kipozeo
nikihesabu hadi sitini, kidole gumba kikafa ganzi.
Cha tatu kiligombana na kapasita;
nikakipunguza kwa tupa ya kucha, hakikupendeza, kikaingia.

Famau akaja na uso wa kudai.
"Itashika?"
Itashika.
"Hata lini?"
Mpaka mwenye haja ya kuitoa.
Hakupenda. Alitaka neno zito zaidi, la kiapo,
akalipa pungufu ya mia.

Sikumwambia kwamba nyuma ya kadi, penye nafasi,
nimeandika kwa kalamu ya wino mweupe, herufi za sisimizi,
kwa fundi nisiyemjua, mwaka nisioujua:
pasha moto kidogo. Zungusha.
Usivute.